Sukari za Huku Ziko Chini Kidogo

Mzee Nukta alikuwa mtu wa maabara. Jina hilo alibandikwa na wauguzi kwa sababu hakuwahi kutaja kipimo akaacha nukta yake. Ukimwambia sukari ya mgonjwa fulani ni sita, anakutazama juu ya miwani kama mtu aliyeletewa mchuzi bila bakuli, kisha anauliza polepole, "Sita nukta ngapi?" Hata nyumbani, mke wake akimuuliza atarudi saa ngapi, alijibu saa kumi nukta tano, na mke wake akajua maana yake ni saa kumi na nusu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, watu huzoeana na mambo mazito kuliko hayo.

Maabara yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye dirisha moja pana linalotazama mashariki. Chini ya dirisha kulikuwa na meza ya saruji, na juu ya meza hiyo trei ya plastiki yenye matundu arobaini. Kila asubuhi wagonjwa wa sukari walikaa kwenye benchi la nje, hawajanywa hata chai, matumbo yanalalamika. Sista aliwatoa damu mmoja mmoja, akavipitisha vichupa kwenye kidirisha kidogo cha ukutani. Mzee Nukta alivipokea, akaviandika daftarini, akavisimamisha kwenye trei. Mashine ya kupima ilikuwa kona ya pili, imefunikwa kitambaa cheupe ambacho mke wake alikishona na kukitarizi ua moja dogo pembeni.

Mashine haikuamshwa mpaka trei ijae. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Mwalimu wake wa zamani alimfundisha hivyo: mashine ikiamka inakunywa dawa zake, iwe imeamka kwa mtu mmoja au kwa watu arobaini, basi kwa nini uiamshe kwa mtu mmoja? Kwa hiyo vichupa vilisubiri. Siku nyingi trei ilijaa kwenye saa saba mchana. Hapo Mzee Nukta alikitoa kitambaa, akakikunja mara nne, na kazi ikaanza.

Na ukweli ni kwamba alikuwa anapenda kule kusubiri. Akishamaliza kufuta meza, alivuta kigoda chake akaketi mbele ya trei. Jua la asubuhi lilipita ndani ya vichupa. Damu ilikuwa inatulia taratibu, wekundu unazama, na juu yake yanabaki maji ya manjano kama mafuta ya taa yaliyochujwa. Alikuwa anaona kama watu arobaini wamelala wakiwa wamesimama. Huyu fundi viatu, huyu mwalimu wa hesabu, huyu dereva wa lori anayeingia na kishindo na kutoka na kishindo, hapa wote wametulia, hawagombani. Nje feni ya wodi ya pili ilikuwa inalia kwi, kwi, kwi. Macho yake yalikuwa mazito. Mara nyingine alihisi chumba chote kinaelea kidogo, yeye na trei yake, na wala hakujali kinaelea kwenda wapi.

Kila miezi mitatu lilikuja boksi kutoka ofisi inayozikagua maabara. Ndani mlikuwa na vichupa vya unga mkavu, rangi yake kama maziwa ya unga. Unautia maji, unauzungusha kwa upole bila kuutikisa, unausubiri nusu saa, unaupima papo hapo, unaandika jibu na kulituma. Unga ule ule ulipelekwa kwenye maabara hamsini na mbili, na ofisi inajua sukari iliyomo. Baadaye inarudi karatasi yenye mstari katikati na vidoa hamsini na viwili: wengine juu ya mstari, wengine chini, wengine wamepotea kabisa pembeni kama mbuzi waliokata kamba. Kidoa cha Mzee Nukta kilikaa kwenye mstari wenyewe. Hakikaribii, kinakaa. Miaka mitatu mfululizo. Vyeti vilikuwa ukutani kumi na kimoja, vimepangwa kwa rula.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu, naye alikuwa amelizoea. Sukari za wagonjwa wake zilikuwa za chini. Mtu mzima, mwenye afya yake, anatoka na tatu nukta tano, tatu nukta mbili. Daktari mmoja mgeni alikuja na karatasi mkononi, amekunja uso.

"Mzee, watu wa hapa wana njaa?"

"Hapana, daktari. Sukari za huku ziko chini kidogo," alijibu Mzee Nukta, kwa sauti ya mtu anayesema kwamba huku kuna upepo. "Nadhani ni hivi vilima. Watu wanatembea sana."

Daktari akatazama vile vyeti kumi na kimoja, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa anawashauri wagonjwa waongeze kijiko kwenye chai.

Sasa mke wake. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na mlango, na mwaka ule kando ya cherehani pakahamia jagi la maji. Kwanza jagi, halafu ndoo ndogo. Alikuwa anashona mkono mmoja wa gauni, anakunywa maji. Magauni yake mwenyewe akawa anayapunguza kiunoni, anasema ni uzee. Mzee Nukta alimpima mara mbili katika miezi minne. Mara ya kwanza sita nukta moja. Mara ya pili sita nukta sifuri.

"Unaona?" alimwambia, akimpa karatasi. "Sita nukta sifuri. Saini yangu hiyo."

"Basi nimeshukuru," alisema mke wake, akakunja karatasi akaiweka kwenye kopo la vifungo. "Kama sukari imekataa, basi ni joto tu."

Lakini siku ya gulio alirudi na habari nyingine. Kulikuwa na watu wa duka la dawa wanapima bure, wanachoma kidole, tone moja, dakika haiishi.

"Wameniambia kumi na tatu nukta mbili, baba watoto."

"Kumi na tatu?" Mzee Nukta alicheka. "Kale kamashine ka kidoleni? Ulikuwa umekula nini?"

"Chai kavu na kipande cha mkate. Tangu lini mkate mmoja ukampandisha mtu mpaka huko?"

"Pengine mkono wako ulikuwa na sukari. Uliponda nini, ulishika nini. Mke wangu, mimi nina vyeti kumi na kimoja. Wale wana mwavuli na meza ya kukunja."

"Haya, bwana vyeti," alisema mke wake, akarudi kwenye cherehani. Hakukasirika. Na hilo ndilo lililomkaa Mzee Nukta rohoni baadaye: kwamba hakukasirika, kwamba kati ya mwili wake uliokuwa unamlilia maji na karatasi ya mumewe, alichagua karatasi.

Jumapili ya juma lile lile alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu ameielekeza mlangoni, na Mzee Nukta anapita kwenda kumwaga maji. Akaona kitu kinang'aa kwenye wayo wa mke wake. Aliinama. Ilikuwa pini ya kushonea, imezama mpaka kichwani.

"Mama watoto. Mguu hauumi?"

"Uume na nini?"

Aliivuta. Ikatoka yote, urefu wa kidole gumba. Mke wake hakushtuka, alikuwa anaendelea kuhesabu mishono kichwani. Mzee Nukta alibaki ameishika ile pini kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu. Aliwahi kuona miguu ya namna ile wodini. Alijua huanza hivi, kwa mguu kunyamaza, na alijua huishia kwa daktari gani na kwa msumeno gani.

"Kesho usinywe chai," alisema. "Nakupima tena."

"Mara ya tatu? Na ile saini yako?"

"We njoo tu."

Akaja, akakaa kwenye benchi na wenzake. Siku hiyo ndiyo siku aliyofika mkaguzi kutoka ile ofisi ya boksi. Hawakumtarajia kabla ya adhuhuri, akaingia saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkoba begani, viatu vina vumbi la njia nzima.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kukuona unavyofanya kazi. Kule ofisini wanasema kidoa chako tumekichora sisi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini mashine bado imelala, trei ina vichupa sita tu."

"Nina gari la kurudi saa tisa, na mafaili yako ni mengi. Iamshe tu nione, nami nitakuacha."

Mgeni ni mgeni. Mzee Nukta alikitoa kitambaa cheupe kabla ya wakati wake, na akajisikia kama mtu anayemwamsha mzee mwenzake usingizini. Akachukua kichupa kilichokuwa karibu na mkono, na kilikuwa cha mke wake, bado kina joto la mwili. Alimimina damu kidogo kwenye kichupa kingine, akakiweka kwenye mashine ya kuzungushia, ile wanayoiita pia, kama pia ya watoto, kwa jinsi inavyovuma, wekundu ukakaa chini. Maji ya juu akayapima. Kichupa chenyewe, na damu iliyobaki, akakirudisha kwenye tundu lake.

Mashine ikatoa jibu. Nane nukta tisa.

Akarudia. Nane nukta tisa.

"Inasoma vizuri," alisema mkaguzi, akiandika. "Mara mbili jibu moja. Huyu mgonjwa wenu, lakini, aanze dawa." Kisha akaingia chumba cha pili kusoma daftari za joto la friji.

Nane nukta tisa kwa mtu ambaye hajala. Mzee Nukta alijiambia mashine imeamshwa vibaya, haijapata usingizi wa kutosha, ujinga gani huo, mashine si mtoto. Alijiambia atangoja trei ijae apime tena kama kawaida, kwa utulivu, na nukta itarudi mahali pake.

Basi akaketi kwenye kigoda. Jua likapanda juu ya meza ya saruji. Sista alipitisha vichupa, naye akavipokea, mkono unafanya kazi peke yake. Kile kichupa cha mke wake kilikuwa safu ya kwanza, kimesimama na wenzake. Alikitazama mpaka macho yakaanza kuona mambo. Aliona kama nyumba ndefu iliyojaa watu, milango imefungwa, na katikati ya nyumba kuna gunia. Watu wale hawajui kwamba wametolewa mwilini. Hakuna aliyewaambia. Wanaendelea na maisha yao: wanapita kwenye gunia, wanachota, wanakula, wanazungumza, wanachota tena. Gunia linalegea. Feni ya wodi ya pili inalia. Wanakula bila haraka, bila ubaya wowote, kama familia yoyote mezani, na hakuna anayeleta gunia jingine.

Saa saba trei ikajaa. Alivizungusha vyote, akavipanga, akabonyeza. Majibu yakaanza kutoka. Tatu nukta nne. Tano nukta nane. Tatu nukta moja. Alipofika kwa mke wake alishika ukingo wa meza kabla ya kusoma.

Sita nukta sifuri.

Damu ile ile. Kichupa kile kile. Mashine ile ile. Asubuhi nane nukta tisa, mchana sita nukta sifuri, na kati yake hapakuwa na kitu chochote ila yeye, amekaa, anasubiri.

Si kwamba hakuwa anajua. Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa anajua tangu chuo kwamba chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya kichupa, na kwenye joto zinakula zaidi. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na yeye alilipata. Zamani walikuwa na vichupa vya kifuniko cha kijivu, vyenye dawa ya kuzizuia zisile. Miaka mitatu iliyopita vikaadimika, stoo ikawa inaleta vya kifuniko cha kijani, kila mtu akasema sawa, vichupa ni vichupa. Kifuniko kilibadilika, trei haikubadilika. Na ule unga wa boksi hauna chembe hata moja ndani yake. Hakuna wa kula. Kisha yeye anaupima papo hapo. Ndiyo maana kidoa kilikaa kwenye mstari, na kingekaa mpaka mwisho wa dunia.

Vilima. Alikuwa amesingizia vilima.

Mkaguzi alitoka chumba cha pili anatabasamu, karatasi mkononi. "Mzee wangu, sina neno. Friji safi, daftari safi. Natia saini hapa, wewe pale. Maabara ya kwanza kati ya hamsini na mbili."

Ilikuwa rahisi sana. Kalamu ilikuwa mezani. Angeweza kusaini, akabadilisha utaratibu kesho kimya kimya, akamwambia mke wake mashine ilikuwa na homa. Nani angejua? Alifikiria lile daftari, kurasa za miaka mitatu, kila mstari na nukta yake, kwa mwandiko wake mzuri.

"Mwanangu," alisema, "ile asubuhi nilikupimia damu ya mke wangu. Hebu njoo uione sasa."

Mkaguzi alisoma. Akasoma tena ile ya asubuhi kwenye daftari lake. Akavua miwani, akatazama trei, akatazama dirisha, akaweka kiganja juu ya meza ya saruji. Ilikuwa ya moto kama kifuniko cha sufuria.

"Zinakaa hapa tangu saa ngapi?"

"Za kwanza, saa moja. Mpaka saa saba. Saa saba nukta tano siku nyingine."

"Kila siku?"

"Kila siku, kwa miaka mitatu."

Kisha mkaguzi akageuza fomu yake mbele na nyuma, anatafuta. "Hii fomu inauliza mashine," alisema taratibu. "Inauliza unga, inauliza friji. Hakuna mahali inapouliza damu imekaa mezani muda gani. Na mimi nimezunguka maabara ishirini na fomu hii hii."

"Basi andika pembeni."

"Nikiandika, cheti hakitoki. Na mganga mkuu wenu alishaagiza fremu, ameniambia mwenyewe mlangoni."

"Fremu ataweka picha ya mjukuu wake. Andika, mwanangu. Na uandike kwamba wagonjwa wote waitwe."

Aliandika. Herufi zake zilikuwa ndogo, zilipanda ukingo wa karatasi kama siafu ukutani. Alipomaliza, Mzee Nukta akaweka saini yake chini ya maneno yale.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Mke wake alikuwa anatia uzi kwenye sindano, ameinua mikono kwenye mwanga wa saa kumi na moja. Mzee Nukta alikaa chini mbele yake, sakafuni, jambo ambalo hakulifanya tangu magoti yaanze kulalamika.

"Nilikupa namba mbovu," alisema. "Mara zote mbili. Unayo sukari, nayo imekuwemo siku nyingi. Wale wa mwavuli ndio waliosema kweli."

Uzi ulipita kwenye tundu. Mke wake aliuvuta mpaka mwisho, akafunga fundo, ndipo akashusha mikono.

"Yaani mimi nakunywa ndoo nzima kwa siku, na wewe unanisomea nukta?"

"Ndiyo."

"Na nikakuamini."

"Ndiyo."

"Mpumbavu kweli," alisema. Hakueleza ni nani kati yao. Alikaa anaitazama miguu yake kama miguu ya mgeni aliyepita kupumzika. "Itakatwa?"

"Sijui. Ukianza dawa sasa, huenda isikatwe. Hilo sina namba yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mumewe anasema hana namba ya kitu. Alimpa mkono, wakasaidiana kuinuka, na haikujulikana ni nani aliyekuwa anamwinua mwenzake.

Wagonjwa waliitwa. Jumatatu iliyofuata benchi lilijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi, wengine wakasimama chini ya madirisha ya wodi wameshika karatasi zao za zamani. Mke wake alikuwa katikati yao, zamu ya saba, amekataa katakata kupitishwa mbele. Mzee Nukta alisimama mlangoni na koti lake jeupe, akawaeleza. Hakutumia maneno ya chuo. Alisema: damu yenu niliiacha mezani, ikala sukari yake, mimi nikawapa jibu la mabaki. Wengine mlioambiwa mko sawa hamko sawa. Wengine mlioambiwa muongeze sukari kwenye chai, msiongeze tena.

Minong'ono ilipita kwenye benchi. Yule dereva wa lori akasimama kwa kishindo chake.

"Mzee, mimi nimekuja hapa mara nne! Mara nne umeniambia sawa! Ninaendesha tani thelathini macho yanaona ukungu, naambiwa sawa! Leo unataka nikupe damu tena uipeleke ikale?"

"Una haki ya kukasirika," alisema Mzee Nukta.

"Haki naijua. Nauliza, nitakuaminije?"

Mzee Nukta alikuwa na maelezo ya pia inavyozitenga chembe na sukari, na ya dakika chache ambazo damu ingekaa mezani, alikuwa na utaratibu mpya ulioandikwa kwa wino wa bluu, lakini hakuna hata kimoja kilichojibu swali lile.

"Kaka," ilisikika sauti kutoka zamu ya saba. Mke wake hakusimama, aligeuza shingo tu. "Mimi huyu ni mume wangu. Amenikosea mimi kama alivyokukosea wewe, na mimi nampikia. Angetaka kuficha, angeficha, maana anayejua ni yeye peke yake. Sasa amua: uondoke na ukungu wako, au ukae utoe mkono. Unatuchelewesha na hatujanywa chai."

Mtu mmoja akacheka. Mwalimu wa hesabu akasogea kidogo kwenye benchi kuacha nafasi. Dereva alisimama, akapumua kwa nguvu, akatazama barabara, akatazama lori lake lililoegeshwa ng'ambo. Kisha akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko.

Sista akafunga mpira, akachoma, akapitisha kichupa kwenye kidirisha. Mzee Nukta alikipokea kikiwa na joto, na hakukiandika kwanza, wala hakukitazama kwenye mwanga. Alivuka chumba nacho moja kwa moja, akakiweka kwenye pia peke yake, akaweka kichupa cha maji upande wa pili kuilinganisha, akafunga kifuniko. Pia ikaanza kuvuma. Nje mke wake alikuwa anamuuliza dereva lori linakula mafuta kiasi gani, na dereva, bado kanuna, alikuwa anamjibu.